Mshipa Umetoka, Sasa Kinachouma Nini?

Hapa Mokpo, mji wa bandari wa Korea, kwenye jukwaa la mbao mbele ya duka la Mama Redio, tunakunywa kahawa ya pakiti na kutatua matatizo ya watu bila kuombwa. Leo mgonjwa ni Kwak, fundi viatu. Jana daktari alimtibu mzizi wa jino, akautoa mshipa wa fahamu. Leo jino linauma. Na jioni anakutana na wazazi wa mchumba wa binti yake, kwenye mbavu za kuchoma. Asipokula, wakwe watasema kawakataa.

— Umetolewa wote? akauliza Profesa, dereva mstaafu wa basi la shule. Jina hilo kajipa mwenyewe.

— Wote. Nimeuona, mwembamba kama uzi.

— Basi hayo si maumivu. Ni kumbukumbu ya maumivu.

— Kumbukumbu gani inapwita hivi, wewe!

Mama Redio akadakia:

— Mshipa wa jino umeshikana na wa jicho. Wameuvuta huu, ule umeshuka kuziba nafasi. Jicho ndilo linakuuma, hujijui tu.

Kwak akashika jicho. Maskini, likaanza kumuuma kweli.

— Na hivi vidonge alivyonipa daktari?

— Usithubutu! Profesa akaruka. Kidonge kinafuata mshipa. Mshipa haupo. Kitazurura mwilini mpaka kikutane na goti.

— Goti langu ni zima, haliumi.

— Ndiyo hivyo, usilichokoze!

— Sukutua kwa soju, pombe kali haishindwi na jino, nikasema mimi, maana kukaa kimya pale ni aibu.

— Jino ling'olewe tu, akasema Mama Redio. Kliniki haijafungwa.

Kwak akasimama, machozi yakimlengalenga.

— Bora ling'olewe. Siwezi kumharibia mwanangu ndoa kwa sababu ya jino.

— Si unaona? akadakia Mama Redio. Jicho hilo!

Ndipo akatokea Eun-bi, binti mwenyewe, kashapendeza kwa ajili ya jioni.

— Baba, unakwenda wapi? Wakwe nimeshawaeleza, wamekuagizia uji. Daktari alisema ufanye nini likiuma?

— Sijui, mwanangu. Nilikuwa na ganzi.

— Ganzi ya mdomo?

— Ya mdomo.

— Na masikio je?

Kwak akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Mama Redio. Mama Redio akaingia dukani kutafuta sijui nini. Kwak akafungua pakiti ya dawa, akameza vidonge vyake, safari hii bila kutuuliza.