Mseti na Fulana ya Onyesho la Migori

Benchi letu la Bomani liko mbele ya duka la simenti, na kahawa namimina mimi, kwa hiyo jambo la Tarime hunipitia mimi kwanza ndipo liende kwa mwenyewe. Wiki hii neno lilikuwa moja. Bendi ya litungu, ala yetu ya nyuzi, inapiga uwanjani Jumamosi, na wenye bendi wameomba benchi litoe shabiki mmoja mkongwe, apande jukwaani kufungua onyesho akiwa na fulana ya bendi ya zamani.

Mseti, tunayemwita Msanii ingawa hajawahi kupiga hata filimbi, aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Alishamwambia mkewe Bhoke, na Bhoke alishaliambia kanisa zima. Mpinzani wake alikuwa Magige, Spika wa benchi kwa lile sauti lake. Huyo maonyesho aliyaona kweli, ila fulana zake mkewe alishazigeuza matambara ya kudekia.

Basi Mseti akaja na fulana nyeupe. Kifuani picha ya mzee mnene kafungua mdomo, chini yake 1949–2018. Akasema aliipata Migori, Kenya, kwenye onyesho la mwimbaji huyo. Mimi nilimwona akiichambua kwenye rundo la mitumba Sirari, pale mpakani, lakini alipokuwa akisema hayo mdomo wangu ulikuwa na kazi ya kupuliza makaa.

— Hizo namba za nini? Spika akauliza.

Nchagwa, ambaye ni Profesa kwa sababu ana miwani, akasema ni mwaka bendi ilipoanza na mwaka ilipokufa. Spika akakataa, hakuna bendi inayodumu hivyo bila kugombania mwanamke. Profesa akabadili: ile ya kwanza ni watu walioingia kwa tiketi, ya pili ni ukijumlisha na walioruka ukuta.

— Mimi niliruka ukuta, Mseti akasema.

— Haba na haba hujaza kibaba, Profesa akasema. Ndiyo maana ukuta ulianguka.

Mseti akasema ulimwangukia yeye, na mwimbaji mwenyewe ndiye aliyemchomoa.

— Akanishika mkono. Akasema, ndugu yangu wa Tarime, wewe ndiye roho ya bendi hii.

Hapo hata Spika akanyoosha mkono kukubali. Benchi likapitisha: Jumamosi anapanda Mseti.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja na begi lake, ameshuka kwenye gari la Sirari. Alikuwa ametuamkia shikamooni wazee, akasema anaitwa Robi, wa ng'ambo ya mpaka. Muda wote alikuwa akiitazama ile fulana.

— Huyo ni baba yangu, akasema. Hizo tulichapisha siku ya mazishi, tukavaa ukoo mzima. Hiyo ni miaka yake.

Mseti akapandisha kikombe mpaka kifuani. Nilingoja mama wa watu awake, wala hakuwaka. Alisogea karibu naye, macho yamelowa.

— Sisi nyumbani tulimjua mkulima wa tumbaku tu. Hata kanisani alikuwa anafungua mdomo bila sauti. Mzee wangu, baba aliimba wimbo gani?

Mseti akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta. Spika, wa kusikika mpaka sokoni, akawa anahesabu mifuko ya simenti. Ndipo Mseti akanigeukia mimi.

Birika lilikuwa limejaa. Nikawaambia kahawa imekwisha.