Msimamizi wa Zahanati

Kinyozi alipanda treni ili asinzie, maana kusikiliza watu ndiyo kazi yake ya kila siku. Lakini msimamizi wa mradi wa kujenga zahanati aliyekaa mbele yake hakumpa nafasi. Alikuwa akimlalamikia mama wa kiti cha pili, ambaye hata hakumfahamu.

“Zahanati haiendi, mama! Ratiba nimepanga mimi, vifaa nimetafuta mimi. Nikigeuza kisogo tu, mafundi wanakaa kama wageni!”

“Si umwachie mmoja madaraka, mwanangu?”

“Nimwachie nani? Hawaaminiki hata kidogo!”

Kinyozi akafumba macho. Huyu, alijisemea, hata kisogo chake angetaka kujinyoa mwenyewe.

Simu ikalia. “Bado mmekaa?” msimamizi akafoka. “Mnangoja nini, nije niwashike mkono?” Kisha akapapasa mfuko wa koti taratibu.

“Wanasemaje?” mama akauliza.

“Wanataka saruji. Ufunguo wa stoo ninao mimi.”

Treni ikaanza kupunguza mwendo.

“Basi shuka hapa, uwarudishie!”

“Haiwezekani, mama. Nawahi kikao.”

“Kikao gani tena?”

“Cha kueleza kwa nini mradi umechelewa.”

Treni ikasimama, milango ikafunguka. Msimamizi hakuinuka.