Sauti ya Wodini

Fundi cherehani alitega masikio bila haya. Kwenye kiti cha basi mbele yake, muuguzi alikuwa akimnong'oneza jirani yake, mama muuza mitumba, kwamba amekosa kazi mara tatu kwenye usaili.

"Wanasema sijiamini, mama. Kumbe ni miaka sita ya wodi ya watoto njiti. Kule hatupazi sauti."

"Hao wa usaili wa leo si njiti, mwanangu. Hebu jitambulishe, nikusikie."

Akajitambulisha. Fundi alisikia pumzi tu.

"Tena! Kama unamwitia mwizi!"

"MIMI NI MUUGUZI!"

Abiria wote waligeuka. Dereva akakanyaga breki. "Nani kaanguka?"

"Hakuna mgonjwa, baba," mama alimjibu. "Endesha, tuna usaili."

Fundi, ambaye kituo chake kilishapita zamani, hakushuka.