Masalu Magesa na Miaka Thelathini ya Radi Bendi

Ndugu waombolezaji, tunawaomba mketi, na vijana wenye fimbo pale getini mketi pia, maana jana mlimpasua kichwa kwa jiwe Boaz, mpiga besi wa marehemu, na mmeapa hafiki kaburini, na marehemu aliacha neno juu ya jambo hilo.

Masalu Magesa alizaliwa tarehe 14 Juni 1971 hapa Shinyanga, akasoma darasa la kwanza hadi la saba Mwadui, mwaka 1980 hadi 1986, dawati moja na Boaz, wakatengeneza gitaa lao la kwanza kwa debe na waya wa breki ya baiskeli.

Mwaka 1994 walianzisha Radi Bendi, Masalu akipiga gitaa la solo, Boaz besi, George drams, ikawa rumba ya taratibu ya kwenye harusi. Alifunga ndoa na Agatha tarehe 5 Oktoba 1996 huko Ushirombo, wakajaliwa Dorah na Marselino.

Dhahabu ilipowavuta watu Geita, Boaz alitaka muziki wa haraka, Masalu akakataa, Boaz akaunda bendi yake, na tarehe 12 Agosti 2006 wakakutana Masumbwe, bendi mbili uwanja mmoja, zote zinapiga kwa pamoja kama wanavyoshindana Wagika na Wagalu, wale wacheza ngoma wa Kisukuma, atakayekimbiwa na watu ameshindwa. Boaz alikimbiwa. Alivuka uwanja na panga, akamkata Masalu vidole vitatu vya mkono wa kushoto gitaa likiwa bado linalia, mawe yakaruka, spika zikachomwa, George akavunjwa taya na hakugusa drams tena.

Boaz alifungwa miaka minne, na Masalu, kwa kuwa hakuweza kubana nyuzi, alikaa kwenye drams, fimbo ameifunga kiganjani kwa mpira wa tairi, anapiga mpaka ngozi zinapasuka, na Ansgar aliyetoka kusaga mawe ya dhahabu kwenye mashine ya karasha akashika solo, gitaa likanguruma kama karasha lenyewe, ndiyo hiyo roki mliyoipenda wachimbaji.

Mwaka 2010 Boaz alikuja mazoezini peke yake, akasema, "Shemeji Agatha, habari za siku," Agatha akamjibu, "Viulize vidole vya mwenzio." Masalu alimtandika fimbo ya mdomo, meno mawili yakatoka, kisha akamwinua mwenyewe, "Tumemalizana, mshenzi wewe. Besi ile pale." Ile besi ya rumba ikaingia chini ya kelele za Ansgar, wakapiga hivyo miaka kumi na nne.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa hapa mjini, Boaz akimnywesha uji, akafariki tarehe 3 Machi 2025 saa nne asubuhi. Neno alilomwachia Dorah ni hili: "Mwambie Marselino, Boaz nilishampiga mimi, inatosha. Nishusheni kwa besi yake."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika siku zote hizi, wachimbaji wa Masumbwe, na George aliyekuja kutoka mbali.

Boaz yuko nje kwenye gari, kichwani ameshonwa nyuzi sita, besi ameipakata. Marselino, baba, weka fimbo chini, ufungue geti.

Masalu, pumzika kwa amani, besi inaingia.