Mita Moja na Sentimita Kumi za Audun Skarvnes

Baada ya miaka kumi na saba na miezi saba ya kukimbia pembeni mwa uwanja wetu, winga wa kushoto Audun Skarvnes anastaafu Jumapili hii, tarehe 12 Novemba 2023, mara tu mwamuzi atakapopuliza kipenga cha mwisho. Klabu ya Hellvåg itamkabidhi fulana yake ndani ya fremu ya kioo, pamoja na fimbo ya kuvulia samaki. Audun havui samaki na hajawahi kuvua. Lakini fimbo ilikuwa imeshanunuliwa kwa ajili ya mstaafu aliyemtangulia, ambaye alihama mji bila kuaga.

Mwenyekiti wetu, Gunnvor Teigland, alinipigia simu huku nyumba ya wazee kuniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha mechi. "Mwalimu, nipe kitu kifupi, cha furaha," alisema, "na tafadhali, usituwekee hesabu." Nimefundisha hesabu katika shule ya Hellvåg kwa miaka thelathini na minane, na kwa miaka ishirini na miwili nimechora mistari ya uwanja huu kwa kujitolea. Furaha nitajitahidi. Hesabu itakuwepo. Gunnvor huwa hasomi kijitabu cha mechi mpaka kitoke kiwandani, na hilo nimelitegemea sana.

Audun aliingia timu ya wakubwa Aprili 2006 akiwa na miaka kumi na saba, mwembamba, masikio makubwa, na mbio ambazo hapa kwetu hatukuwahi kuziona isipokuwa kwa watu wanaowahi feri. Tatizo lake lilikuwa moja: hakujua kusimama. Alimpita beki, akaupita mstari, akampita mshika kibendera, na siku moja akatoka hadi kwenye lango la uzio, mpira ukiwa bado mguuni. Kocha wa wakati ule alipiga kelele mbele ya jukwaa zima, "Huyu dogo tukimwachia, krosi yake itafika Aisilandi!" Watu wakacheka. Audun naye akacheka. Kisha nikamkuta nyuma ya ghala la vifaa akijipiga paja kwa ngumi. Mwisho wa msimu kamati ilikubaliana apewe mwaka mmoja wa mwisho, kwa kuwa hakuna aliyetaka kwenda kumwambia mama yake.

Sasa inakuja sehemu ambayo katika wasifu wa heshima huitwa mchango wa wenzake.

Kwetu mtu ana uhuru kamili wa kukataa kazi ya kujitolea; ila akikataa, watu huanza kuulizia afya yake. Mimi sikukataa. Majira ya kuchipua ya 2007 nilitoka peke yangu na kamba, vigingi vinne vya chuma na kigari cha rangi. Kona mbili, zile ambazo winga wa kushoto huzikimbilia, moja kila kipindi, nilizisogeza nje mita moja na sentimita kumi. Zile mbili za winga wa kulia nilizivuta ndani kwa kiasi hichohicho. Uwanja ukainama kidogo, kama sanduku lililokaliwa na mtu mnene. Uzuri wake, na naomba radhi kwa neno hilo, ni kwamba upana ulibaki mita sitini na nane popote ambapo mtu angepima. Mkaguzi alikuja kila mwaka, akapima mwanzo, katikati na mwisho, akapata sitini na nane mara tatu, akala vafler, zile keki bapa za moto, na jamu kwenye kibanda chetu, akatia saini. Hakuna aliyewahi kupima kwa mshazari, kutoka kona hadi kona. Nusu ya kamati niliifundisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sikushangaa.

Ni mara moja tu nilipohojiwa. Mshika kibendera mmoja alinijia wakati wa mapumziko, akihema.

"Mzee, mbona nikikimbia moja kwa moja najikuta kwenye uzio?"

"Upepo," nikamwambia.

"Upepo?"

"Unatoka baharini. Wageni wote huwasukuma."

Akashukuru.

Msomaji makini atauliza: je, mawinga wa kushoto wa wapinzani hawakupata nafasi hiyohiyo? Waliipata. Lakini wao walikuwa wamefundishwa vizuri makwao, wakasimama pale walipozoea kusimama. Ni Audun peke yake ambaye hakuwa amejifunza, na ujinga wake ulienea sawasawa ndani ya mita moja na sentimita kumi. Ghafla krosi zake zikawa zinatoka pembeni kabisa, mahali ambapo hakuna beki aliyetarajia mpira uwe hai. Gazeti la wilaya liliandika kwamba kijana huyu "anauhisi mstari kwa nyayo." Makala ile niliikata na kuibandika kwenye jokofu. Nilijiona msanii.

Ugenini alikuwa mchezaji wa kawaida, na mpira wake ulitoka nje kama zamani. Klabu haikukosa maelezo. Walisema ni ugonjwa wa safari, wakampa mto wake mwenyewe wa kulalia, na kwa misimu mingi mto ule ulizunguka nchi nzima kwenye basi, ukiwa na kiti chake.

Kisha ikaja Oktoba 2011, siku ambayo imechorwa kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo. Tulihitaji kuwafunga Nordfjære ili tupande ligi kuu. Dakika ya themanini na nane Audun aliburura mpira hadi kwenye kona ya kibandani, akapiga krosi, na beki wetu Roald akaunganisha kwa kichwa. Beki wa kulia wa Nordfjære aliinua mikono yote miwili. "Nje! Nje hiyo, mko vipofu?" Mpira ulikuwa juu ya rangi, mshika kibendera aliona rangi, na rangi ilikuwa yangu. Yule beki ndiye mtu pekee aliyesema kweli uwanjani siku hiyo, akapewa kadi ya njano. Tulikaa ligi kuu msimu mmoja, tukafungwa mechi ishirini na moja, na tangu hapo tunauita mwaka wa dhahabu.

Wakati tunapongezana, nimtaje Kjartan Hovde. Kjartan alikuwa winga wetu wa kulia, mwenye akili kuliko Audun na mguu laini zaidi. Kila alipokwenda kona yake, uwanja ulimwishia mapema. Mwaka 2009 kamati ilimwacha kwa sababu, nanukuu kumbukumbu za kikao, "hana hisia ya mstari." Nilikuwepo kikaoni. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Leo Kjartan ni nahodha wa feri, na siku za mechi anauza vafler kwenye kibanda, kwa mikono ambayo haijawahi kuunguza hata moja.

Mwaka 2014 tuliletewa nyasi bandia. Zilikuja zimeviringishwa kwenye malori, na mistari myeupe imeshashonewa kiwandani na watu wasiomjua mtu yeyote Hellvåg. Vigingi vyangu viling'olewa. Kimoja tu kilikataa kutoka, kwa kuwa nilikuwa nimekipigilia kwenye ufa wa mwamba, na kwa vile kilibaki nje ya nyasi, wafanyakazi walikiacha.

Katika mechi ya kwanza Audun alitoa mpira nje mara tisa kabla ya mapumziko.

"Audun, uwanja unaishia hapo, ndugu yangu!" wakampigia kelele jukwaani.

Kutoka kibandani Kjartan aliinua mwiko wake. "Karibu upande wangu, bingwa! Huku tumezoea!"

Watu walicheka tena, na safari hii Audun hakucheka. Klabu ilimsaidia kwa kila njia isipokuwa ile iliyofaa. Alipelekwa kwa daktari wa macho, ambaye hakuona tatizo lakini alimuuzia lenzi. Alipelekwa Trondheim kwa mtaalamu wa akili za wanamichezo, ambaye alimshauri auone mstari kama rafiki. Msimu wa 2015 alikalia benchi, na kila mtu akawa mpole kwake, kama watu wanavyokuwa wapole kwa mgonjwa.

Majira yale ya baridi, kila asubuhi kabla ya wenzake, alikuja uwanjani peke yake. Alifagia theluji kwa ufagio kwenye ukanda mwembamba wa pembeni, akapanga koni, akakimbia na kusimama. Akakimbia na kusimama, unyayo juu ya mpira. Najua kwa sababu nilikuwa nimeegesha gari nje ya uzio, hita imewashwa, kahawa mkononi. Asubuhi moja aliniona, akaja, akagonga kioo.

"Mwalimu, wewe umenitazama tangu mtoto. Nimeharibika wapi?"

Nikamwambia kwamba umri ni kitu cha ajabu. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Ile rangi ningeweza kuitetea kwa dakika kumi mbele ya hakimu yeyote. Nilipenda kumwona akikimbia, na sikutaka waache kumpanga. Kioo kile cha gari sina la kukitetea. Nilikipandisha, kwa kuwa baridi ilikuwa inaingia.

Alirudi kikosini 2016 na hajatoka tena. Tangu hapo watu wa Hellvåg wamemtazama kwa huruma ya heshima, kama mtu anayemalizia malizia. Gunnvor, ziba macho: katika misimu saba ya uwanja wangu, Audun alitoa pasi za magoli hamsini na nane. Katika misimu minane tangu aliporudi, kwenye mistari ya kiwandani, nyumbani na ugenini, ametoa sabini na moja. Mto umebaki nyumbani tangu 2017. Hakuna aliyeona, kwa sababu hatukupanda daraja, na kwa sababu mtu anayesimama mahali sahihi hapigiwi makofi.

Mwezi uliopita alinitembelea. Klabu imemwomba awafundishe mawinga wa timu ya vijana, na jibu lake litatangazwa Jumapili baada ya mechi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akala biskuti zangu zote, akasema atakataa. Shemeji yake ana duka la madirisha Bergen.

"Nitawafundisha nini, Mwalimu? Nilikuwa nacho, kikapotea, sijui kilikwenda wapi. Mtoto akiniuliza, nimwambie nini?"

Nilijua kilipokwenda. Kiliviringishwa pamoja na nyasi za zamani na kupakiwa kwenye lori. Nilifungua mdomo kumwambia, na nikamuuliza kama anataka kahawa zaidi.

Daktari wangu ni mtu mwenye adabu: ameacha kunipangia miadi ya baada ya Krismasi. Kwa hiyo namwandikia Audun hapa, mbele ya watu elfu moja na mia mbili, kwa kuwa faraghani nimeshindwa mara mbili.

Audun, Jumapili kabla ya kuvaa viatu, nenda kibandani kwa Kjartan ukiwa na tepu ya kupimia. Mbele ya foleni kuna chuma kilichochomoza ardhini, kile ambacho Hellvåg nzima imejikwaa nacho kwa miaka kumi, na ambacho Gunnvor ameahidi kukiondoa katika mikutano mikuu minne. Pima kutoka hapo hadi kwenye kibendera cha kona. Utapata mita moja na sentimita kumi. Hicho ndicho ulichokuwa nacho, na ndicho kilichopotea. Hakikuwa ndani ya miguu yako wala macho yako. Miaka ile inayoimbwa ni yangu zaidi kuliko yako, nami niko tayari kuchukua matusi yake yote, pamoja na ya Nordfjære. Hii minane ambayo umekuwa ukiiombea radhi ni yako peke yako. Wengine wote Hellvåg walizaliwa wakijua mstari ulipo, au hawakuujua kamwe. Wewe ndiye pekee uliyejifunza ukubwani, kwenye theluji, bila mwalimu, na mwalimu yupo mita ishirini anakunywa kahawa. Kama kuna mtu anayeweza kumweleza mtoto jinsi ya kusimama, ni wewe.

Kjartan, kwako sina tepu ya kukupimia. Wanao wanacheza timu ya vijana, na nimeambiwa mdogo anachezea kulia. Mwambie Audun aanze na huyo. Nitakuja Jumapili kwa kiti cha magurudumu. Ukininyima vafler, nitaelewa.

Kwa niaba ya klabu, ambayo bado haijui kwamba nasema kwa niaba yake, tunamshukuru Audun Skarvnes kwa kila mbio, ndefu na zilizozidi. Heri ya maisha mapya, Audun, popote utakapoyaanzia. Bergen wana madirisha ya kutosha. Mazoezi ya vijana ni Jumanne saa kumi na moja jioni, kona ya kibandani, na huyo mdogo wa Kjartan hajui kabisa kusimama.

Torleif Aasnes, mchora mistari