Glasi ya Kwanza ya Mzee Materne

Baada ya miaka thelathini na minane katika ushirika wetu wa wakulima wa zabibu hapa Bergwiller, Mzee Materne Hubschwerlen anastaafu tarehe 31 Machi. Makala kama hii huandikwa kwa kicheko. Nimejaribu, kicheko hakiji.

Alianza kwa kuosha mapipa, akaishia mchanganyaji wa edelzwicker, mvinyo wetu mweupe ambao kila mkulima kijijini anauchangia zabibu zake na hakuna anayeuita wake. Wenye kujidai wanataka mvinyo wa zabibu za rislingi tupu. Yeye aliwajibu kwamba zabibu ni kama watu, ukimwacha mmoja peke yake hununa. Siku moja walikuja waonjaji kutoka mjini Colmar, pua juu, akawamiminia edelzwicker bila kuitaja. Waliposhamaliza kuisifu ndipo akawaonyesha chupa. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Desturi yetu mnaijua. Januari, sikukuu ya Mtakatifu Vincent, wote tunashuka ghalani na glasi mkononi. Mchanganyaji ananusa kwanza. Akiitikia kwa kichwa, tunakunywa. Asipoitikia, hakuna anayegusa.

Mwaka huu aliinamia glasi yake. Tukasubiri. Mwishowe akaishusha.

"Sinusi kitu," akasema. "Tangu yale mafua ya mwaka juzi sijanusa kitu. Pua ilikuwa ya Odette."

Odette, mkewe, tulimzika Novemba. Kumbe kila msimu wa kuchanganya Mzee alikuwa akimpelekea vichupa nyumbani, mama wa watu ananusa pale mezani jikoni, anamwambia punguza rislingi, ongeza silvana. Safari hii Mzee alichanganya kwa kukumbuka maneno ya marehemu tu, na mwaka wenyewe ulikuwa wa ukame, zabibu hazikuwa zile. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini mimi sikuona mtu wa kuumbuka pale, niliona mgane aliyechoka, na iliniuma sana.

Akatuomba tuonje, tumwambie ukweli. Nikaonja mimi, maana kila chupa hupita mikononi mwangu kabla ya kuuzwa.

"Ni kali, Mzee," nikamwambia. "Rislingi imewameza wenzake."

"Asante, Léonie. Basi usiitie kwenye chupa. Hiyo si ya Odette."

Mapipa yote yakaenda kufanywa siki. Ushirika nao umekata shauri: kuanzia sasa tutauza mvinyo wa zabibu za aina moja moja, na mchanganyaji mwingine hatafutwi. Nilipinga mkutanoni, nikaambiwa nikae.

Imebaki katoni moja ya edelzwicker ya mwaka jana, ile aliyoinusa Odette. Tutaifungua siku ya kuagana, pamoja na kabichi chachu na soseji.

Mzee Materne, asante kwa mkono wako na kwa ulimi wako mkali. Mungu akufariji katika nyumba ile iliyonyamaza, na usikae humo peke yako ukanuna. Mlango wa ghala unaujua. Glasi ya kwanza ni yako. Inuse hivyo hivyo. Sisi tutasimama na zetu mkononi, na hatutakunywa mpaka uitikie kwa kichwa.