Kocha Aliyeupasha Moyo Moto

Wasikilizaji wapendwa, leo sinong'oni. Huyu mama nikimsema kwa sauti ya chini atanifokea huko aliko! Tunamkumbuka kocha wa mpira wa pete ambaye sote tulimwita Filimbi. Amefariki dunia wiki hii, usingizini, kitandani kwake, mtu mzima, bibi wa watu.

Filimbi aliwahi kuugua saratani ya titi. Ni zamani hiyo, binti yake akiwa na mimba ya kwanza. Naye Filimbi alikuwa na ombi moja: amwone mjukuu wake. Moja tu, wasikilizaji.

Dawa aliyochomwa iliipiga saratani, lakini ingeweza pia kuudhoofisha moyo. Kwa hiyo kila baada ya muda alirudi hospitali kupimwa kama moyo bado unasukuma damu vizuri. Yeye akaona hiyo ni mechi. Na mchezaji wa Filimbi haingii uwanjani bila kupasha misuli moto! Basi siku ya kipimo akaiacha lifti, akapanda ngazi mbio, akashuka, akapanda tena. Akaingia chumbani jasho linamtiririka.

Mpimaji, mtu wa utani, akamuuliza kama amekimbizwa na mbwa. Filimbi akamweleza kwa fahari kwamba ameuandaa moyo. Kisha akazilaumu ngazi: ghorofa ya pili tu pumzi imekata. Loo, kajisema mwenyewe! Kumbe siku hizo pumzi ilikuwa inamkatika hata akitandika kitanda, miguu inavimba, na nyumbani hakumwambia mtu, katulia kama maji ya mtungini.

Mpimaji akamlaza kwanza, maana moyo hupimwa ukiwa umepumzika. Akampaka ute wa baridi kifuani, akapitisha kifaa chake, na moyo ukaonekana kwenye kioo cha mashine. Ulikuwa umepungua nguvu. Daktari akasimamisha dawa ya saratani kwa muda, akampa vidonge vya moyo.

Filimbi akawaka! Alisema kusimama ni kushindwa, mjukuu atazaliwa yeye hayupo, achomwe hivyohivyo. Binti yake, na tumbo lake lile, akamkalisha chini.

"Mama, mchezaji akichechemea si unamtoa nje? Kwani unamchukia?"

"Namtoa ili arudi," akajibu Filimbi. Halafu akaomba maji, akameza vidonge vyake.

Na akarudi! Vidonge vikafanya kazi. Kipimo kilichofuata kikaonyesha moyo umepata nguvu, na dawa ya saratani ikaendelea hadi mwisho. Nasema tena: ilisimama, moyo ukapona, ikaendelea. Hapo katikati mjukuu akazaliwa, wa kike, ana sauti kali kama ya bibi yake. Wauguzi walijua mapema kwamba wamepata kocha mwingine.

Kwa binti, kwa wakwe, kwa wachezaji wake wote, poleni sana. Tunalia nanyi. Nawe unayetibiwa saratani, hebu jiulize: pumzi ikikukata, umemwambia nani? Usijikaze. Sema, upimwe.

Jana nilimpigia simu yule mjukuu. Siku hizi ni nahodha wa timu. Nilijiandaa kumbembeleza, lakini yeye akacheka huku analia.

"Bibi amenifokea maisha yangu yote," akaniambia.

Maisha yake yote, wasikilizaji wapendwa. Yote!